Kijumwa wa Lamu na makabati ya vyuo vikuu

Mpwa wangu alikuja kunitembelea Mombasa wiki mbili baada ya Idi, uso umemsawijika kama mtu aliyeangusha pesa. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu na alikuwa amepewa siku chache atoe mada ya utafiti. Alipeleka kitu kuhusu vijana na mitandao ya kijamii, akaambiwa wenzake chungu nzima washaandika hicho hicho. Akaniuliza, mjomba, kama kuna chochote huku kwetu Pwani kinachofaa kufanyiwa utafiti.

Swali lile lilinichoma. Mama yake na mimi tumezaliwa Lamu, katika mitaa ile ile aliyoishi mtu ambaye vyuo vikuu vya Ulaya vimekuwa vikisoma karatasi zake kwa zaidi ya miaka mia moja. Mimi stashahada yangu ndiyo mwisho wangu, huko alikofika kijana mimi sikufika. Lakini nilimwambia akae, nikaagiza chai na mahamri, nikamweleza habari za Bwana Muhamadi Kijumwa. Nimeona niwaeleze na nyinyi, kwa sababu wengi tumelisikia jina na tukaishia hapo.

Muhammad bin Abubakar, aliyejulikana kwa jina la Kijumwa (wengine husema Kijuma), alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1855. Akafa 1945, mzee wa miaka tisini hivi. Fikirieni urefu wa maisha hayo. Alizaliwa wakati masultani wa Zanzibar ndio wenye sauti katika pwani hii, akaona Wajerumani wakiingia Witu na kutoka, akaona Waingereza wakishika kila kitu, na vita viwili vya dunia vikampita. Kuhusu Mwana Kupona, yule mama wa Kipate aliyemtungia bintiye utendi karibu na mwaka 1858, sisi twasoma vitabuni. Kijumwa alikuwa mtoto mchanga wakati ule.

Kazi yake ilikuwa ipi? Hapo ndipo mtu huchoka kuhesabu. Alikuwa fundi wa nakshi, achonga milango. Alikuwa na khati ambayo hata asiyejua kusoma atasimama aitazame. Alitunga mashairi na nyimbo, alipiga kibangala, alikuwamo katika ngoma za mashindano za mjini, na alijua tenzi za wakale kwa namna ambayo leo ungehitaji watu watano kuzikusanya. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na chuo cha mtaani, yaani madrasa, na wazee wa kuwauliza.

Sasa wakaja Wazungu wa lugha. Alice Werner, mama wa Kiingereza aliyezunguka nchi hizi kabla ya vita vya kwanza, alifika Lamu na kukutana na watu wanaojua. Mwaka 1913 Kijumwa akaandika Utendi wa Fumo Liyongo, zaidi ya beti mia mbili. Kisa chenyewe kila mtoto wa Kiamu amekisikia kwa bibi yake: shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe ndiye anayetumwa kuichoma. Watu walikuwa wakikihadithia na kukiimba vipande vipande. Kijumwa alikitia katika utendi ukasimama kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndio utendi wa Liyongo unaosomeshwa mpaka leo.

Werner alirudi London, na chuo cha masomo ya lugha za mashariki kilipofunguliwa huko wakati wa vita, akawa mwalimu wake na baadaye profesa. Chuo hicho ndicho leo kinaitwa SOAS. Mwaka 1926 akaandika juu ya Liyongo katika jarida la chuo. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa utendi wa Mwana Kupona kwa tafsiri ya Kiingereza. Hichens naye alikuwa afisa wa serikali aliyeingiwa na mapenzi ya mashairi yetu, na Kijumwa ndiye aliyekuwa akimnakilia miswada: anaandika kwa mkono wake, anafafanua neno la Kiamu lililomshinda Mzungu, anatia kwenye posta. Hichens alipochapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, nyuma ya kitabu kile kulikuwa na mikono ya watu wa pwani ambao jina lao msomaji wa kawaida halijui. Na Mjerumani Ernst Dammann, mmishonari na mwanaisimu, naye alikaa na Kijumwa miaka ya 1930, akatoa kitabu chake cha mashairi ya Kiamu mjini Hamburg mwaka 1940.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kukunja nyuso kwa neno mmishonari. Maneno juu ya ukaribu wa Kijumwa na watu wa misheni yapo Lamu tangu enzi zake, na wapo wanaoyatumia mpaka leo ili jina lake lisitajwe barazani. Mimi hilo silimalizi hapa, aliye mbele ya Mola wake hesabu yake iko huko. Ninachokijua ni kwamba mzee yule alilipwa kwa kunakili, kama fundi yeyote anavyolipwa kwa mlango. Wenye mji hawakuwa wakimlipa mtu kunakili tenzi. Karatasi ilifuata njia ambako kulikuwa na mnunuzi.

Nilipofika hapo mpwa wangu aliniuliza kwani karatasi hizo zilifanya nini huko zilikokwenda. Nikamwambia ziliwapa watu kazi kwa vizazi vitatu. Wa ushairi walikuta tenzi: Lyndon Harries alitegemea sana miswada ya London katika kitabu chake kikubwa cha ushairi wa Kiswahili cha mwaka 1962. Wa lugha walikuta Kiamu kilichoandikwa na Mwamu mwenyewe. Kuna wanaochunguza jinsi herufi za Kiarabu zilivyofinyangwa zikubali sauti zetu, hizo p na ch na ng' ambazo Mwarabu hana. Wa historia wana Liyongo wao wa kubishania, aliishi lini na alitawala wapi. Wa muziki wana nyimbo za ngoma, na anayependa sanaa ya maandishi anazo kurasa zenyewe. Mwaka 1983 Mohamed Ibrahim Abou Egl alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London, na mada yake ilikuwa maisha na kazi za Kijumwa, basi. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu kizima Ujerumani kutokana na karatasi za Dammann na makusanyo mengine. Mtu mmoja wa Lamu, mwenye kidau cha wino na kalamu ya utete.

Wala si Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa huku na huku pwani, na J.W.T. Allen aliuorodhesha kitabuni mwaka 1970. Basi la kutoka Mombasa lafika. Namtaja Allen kwa sababu watu wetu wakisikia miswada hukimbilia kulaumu Uingereza, na huko kulaumu ni kurahisi kuliko kupanda basi.

Lakini nina sababu yangu ya kuyasema haya, na mpwa wangu sikumwambia siku ile.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kasha la karatasi. Yeye aliziita vyuo, kwa lugha ya kale ambayo chuo ni kitabu. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano. Nyumba ikataka kupakwa chokaa, wajomba wakafungua kasha, wakakuta mchwa wamekula upande mmoja. Kwa kuwa yalikuwa maandishi ya Kiarabu na haikujulikana wapi pana aya ya Qur'ani, hakuna aliyethubutu kuyatupa jaani wala kuyakanyaga. Yakatiwa katika gunia safi, likafungwa jiwe, nikapewa mimi na binamu yangu tukalizamishe baharini kwa heshima. Tulikwenda na mtumbwi mpaka kwenye maji mengi. Tulipiga Bismillahi tukalitosa, tukarudi tukala wali.

Kabla ya kulifunga gunia nilichukua karatasi moja nikaitazama. Nilishangaa kwa sababu maandishi hayakujaza ukurasa kama msahafu. Yalikuwa yamepangwa vipande vinne vinne, nafasi katikati, mstari baada ya mstari mpaka chini. Niliona mpangilio wa ajabu, nikairudisha.

Miaka ishirini na zaidi ikapita. Siku moja nikiwa na simu, nikaingia katika hifadhi ya SOAS, maana siku hizi miswada yao mingi imepigwa picha na yeyote anaweza kuifungua bure. Nikafungua ukurasa wa utendi ulioandikwa kwa mkono wa Kijumwa. Vipande vinne vinne, nafasi katikati, vitatu vya mwanzo vikifungana kina na cha nne kikishika kina kinachopita utendi mzima. Niliifunga simu nikatoka nje.

Sijui ulikuwa utendi gani. Huenda ni nakala ya kitu ambacho kiko London mara kumi. Huenda ni utungo wa bibi mwenyewe, maana wanawake wa Lamu walikuwa wakitunga na wakinakili. Hakuna profesa atakayeniambia.

Mpwa wangu alikwenda Lamu baada ya siku tatu. Amepata mama mmoja mtu mzima huko Langoni mwenye kasha kama lile. Mama amekataa karatasi zitoke nyumbani, na mimi namuunga mkono kabisa. Amekubali zipigwe picha hapo hapo sebuleni, kwa sharti moja: kila ukurasa kijana amsomee kwanza kwa sauti, kwa sababu macho yake hayaoni tena na ana hamu ya kuzisikia. Juzi kijana amenipigia simu usiku amefadhaika. Qur'ani anasoma vizuri, lakini Kiswahili katika herufi zile kinamshinda, hajui hapa ni b au p, hapa ni g au ng'. Amerudi kwa ustadhi wake wa madrasa amfundishe, anakwenda kila baada ya laasiri. Mama amemwambia hana haraka, ila asichelewe sana.