Bertha Benz, mama aliyetengeneza motokari njiani

Kila siku ya Mungu, kisha misa, jirani yetu mmoja anafunguaka kapo ya Benz yake ya zamani, ile 124, na tunasikia nyundo paka magaribi. Bibi yake anasema ameolewa na mtu mwenye wake wawili: yeye na ile motokari. Watoto wa lupango wanacheka. Mimi simcheki, juu ya lile jina la Benz. Watu wengi wanafikiri ni jina la mwanaume mmoja tu, fundi Carl Benz. Kumbe bila bibi yake, Bertha, ile mashini ingebaki ndani ya garaji. Na kazi ile jirani anafanyaka chini ya mti wa maembe, mama huyu alikuwa ameifanya tayari katika mwaka wa 1888, njiani, na nguo ndefu mwilini na kofia kichwani.

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 kule Pforzheim, mji wa inchi ya Baden, upande wa kusini-magaribi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala aliyepata makuta mingi kwa kujenga nyumba. Inasimuliwa kwamba siku moja mtoto huyu alifungua Biblia ya jamaa, pale baba alikuwa anaandika vizazi, akakuta kwamba siku ya kuzaliwa kwake mzee aliandika kwa masikitiko kuwa amekuja msichana tena. Kama ile neno ilimuuma au ilimpa nguvu, kila mtu aamue mwenyewe.

Alikutana na Carl Benz mwaka wa 1869. Kijana alikuwa na akili ya mashini lakini mfuko mtupu. Alifungua atelie kule Mannheim pamoja na mwenzake mmoja, August Ritter, na ule ushirika haukwenda vizuri. Hapa inafaa kukumbuka kwamba kwa Wajerumani wa wakati ule si mwanaume aliyeleta mali kwa wakwe. Ni baba wa msichana aliyempa binti yake mali ya kuingia nayo katika ndoa. Bertha akaomba sehemu ya mali yake mbele ya harusi, na kwa makuta ile wakamlipa Ritter, akatoka. Wakaoana tarehe 20 Julai 1872. Toka siku ile sheria iliiacha mali ya bibi mikononi mwa bwana. Yeye aliyelipa hakuwa tena na neno mbele ya serikali.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya madeni. Watoto wanazaliwa, wakopeshaji wanapiga hodi, na moteri inakataa. Usiku wa mwisho wa mwaka wa 1879, kisha kula, Bertha alimshauri bwana warudi atelie wajaribu mara moja tena. Wakaenda wawili. Moteri ikashika, ikaendelea kupiga, nao wakabaki wanaisikiliza paka kengele za mwaka mpya zikalia.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl akaandikisha motokari yake ya magurudumu matatu. Karatasi ya patenti ilikuwa na jina lake peke yake. Basi, sasa watafanya biashara? Hapana. Watu waliiogopa. Haina farasi, inapiga kelele, inanuka. Na Carl mwenyewe alikuwa mtu wa aina ile tunayoijua sana: fundi asiyemaliza. Leo anakaza hapa, kesho anafungua pale, hataki motokari itoke mbali kabla haijawa kamili. Alikuwa anazunguka nayo karibu karibu tu. Mali yote ya Bertha ilikuwa imelala ndani ya chuma ile.

Njo siku moja ya Agosti 1888, asubuhi mapema, Carl angali amelala, Bertha aliamsha vijana wake wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard aliyekuwa na miaka 13. Wakaisukuma motokari mbali kidogo na nyumba juu bwana asisikie, ndipo wakawasha. Walikuwa wanaenda Pforzheim, kwa mama yake Bertha. Kilometa 106 hivi. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali vile na motokari. Hakukuwa stesheni ya esansi, hakukuwa garaji, barabara zilikuwa za magari ya kukokotwa na farasi.

Esansi iliisha kwanza. Karbiratere ya mashini ile ilibeba lita 4 na nusu tu hivi. Kule Wiesloch Bertha akaingia farmasi, akanunua maji ya kuondoa madoa kwenye nguo, yaliyoitwa ligroini, kwa sababu moteri ilikubali kuyatumia. Ile farmasi inahesabiwa leo kuwa stesheni ya esansi ya kwanza duniani, na watu wanaendaka kuitembelea. Maji ya kupoza moteri nayo yalikuwa yanageuka mvuke na kupotea, kwa hiyo walisimama kila mahali penye kisima au mto.

Kisha moteri ikazima kabisa. Bertha hakuanza kubomoa kila kitu kama mafundi fulani wa hapa kwetu, wanaofungua moteri yote mbele ya kuangalia kama esansi inafika. Alifuata njia ya esansi, akakuta mrija umeziba, akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akauzibua. Mara ingine umeme ukakatika: waya ulikuwa umechunwa ngozi yake na unagusa chuma. Alitoa mpira wa kufungia soksi mguuni, akauzungushia waya, wakaendelea.

Hapa nilimwambia jirani habari hii, akaacha spana chini. Mwenye Benz 124 za miaka ya mwisho, zile za 1992 kwenda 1995, anaijua shida hii vizuri sana. Ngozi ya nyaya za moteri katika magari mengi ya miaka ile inakauka kwa moto, inakuwa kama ganda la karanga, ukiigusa inavunjika. Moteri inatetemeka, mtu anabadilisha buji, anabadilisha pompi, anakula makuta yote, kumbe ni waya mbili zinagusana. Jirani alihangaika nayo miezi mitatu. Mama wa 1888 aliiona siku moja tu.

Minyororo iliyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ililegea, mhunzi mmoja wa njiani akaishughulikia. Kwenye vilima motokari ilikosa nguvu, maana ilikuwa na vitesi mbili tu, hakukuwa ya kupandia. Vijana wakashuka wakasukuma, mama naye akasukuma. Na kwenye kushuka ilikuwa mbaya zaidi: freni zilikuwa za mbao, zikawa zinaliwa upesi kwa kusugua. Bertha akatafuta fundi wa viatu, akamwomba apige ngozi juu ya ile mbao. Ngozi ikachakaa pahali pa mbao, na ikichakaa unabadilisha ngozi tu. Zile plaketi za freni tunazonunua leo zinafanya kazi kwa wazo lile lile, na mtu anayezibadilisha mwenyewe kwake lupango, gurudumu moja kisha ingine, anafanya kazi ya yule fundi wa viatu.

Wakafika Pforzheim usiku unaingia, wachafu, wamechoka. Bertha akatuma telegramu kwa bwana. Kisha siku chache wakarudi Mannheim kwa motokari ile ile.

Wengi wanaosimulia habari hii wanapenda pini na soksi, halafu wanaishia pale. Kwangu mimi kazi kubwa ni ile iliyofuata. Bertha alirudi na hesabu ya makosa: kilima kinashinda moteri, freni inakwisha, mnyororo unalegea. Carl akaongeza vitesi ya tatu, ya kupandia. Miaka mingi alikuwa anatafuta makosa ndani ya atelie, na makosa yenyewe yalikuwa yanamngoja barabarani. Septemba ya mwaka ule ule motokari ilipelekwa maonyesho ya München, ikapata medali ya zahabu. Wanunuzi wakaanza kuja, na mbele ya mwaka wa 1900 kampuni ya Benz ilikuwa kati ya kubwa kabisa duniani katika kazi ya motokari.

Mengine yalikwenda mbio. Mtoto wa tano, Ellen, alizaliwa 1890. Mwaka wa 1903 Carl aligombana na wenzake wa kampuni akatoka katika uongozi, na baadaye jamaa ikahamia Ladenburg, mji mdogo karibu na Mannheim, ambako alianza kazi ingine na watoto wake wanaume. Mwaka wa 1926 kampuni ya Benz iliungana na ile ya Daimler, na hapo jina Mercedes likakaa pembeni ya jina Benz. Mercédès naye alikuwa mtoto wa kike, binti wa mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler. Yeye hakutengeneza kitu.

Carl alikufa tarehe 4 Aprili 1929. Bertha aliishi mjane miaka 15 kule Ladenburg, akaona vita vya pili. Tarehe 3 Mei 1944, siku alipotimiza miaka 95, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, kile ambamo bwana yake alisoma, kilimpa cheo cha heshima cha seneta. Alifariki tarehe 5 Mei, nyumbani kwake. Garaji ndogo ambamo Carl alikuwa analaza motokari yake ingali inasimama katika bustani ya nyumba ile.