Mtemi Isike wa Unyanyembe, na Kiti cha Enzi Kisichoondolewa

Katika mwaka wa Jubilei ni desturi yetu kuwakumbuka mapadre, masista na makatekista waliotutangulia. Ni desturi njema. Lakini yatupasa pia kuwakumbuka wale walioitawala nchi hii siku Injili ilipofika mlangoni pake, na kati yao hakuna anayetajwa hapa Tabora kuliko Mtemi Isike. Yeye hakuwa Mkristo. Twaandika khabari zake kwa kuwa sisi tunaofundisha dini hapa Kitete twapata shida na fundisho moja, nalo ni hili: kwamba Mungu ameketi katika kiti cha enzi mbinguni, naye anatawala vyote. Mtu wa Unyamwezi akisikia neno hilo, humwaza mtemi katika ikulu yake. Si kosa kumwaza hivyo, maana lazima tuanzie pale tunapopajua. Lakini tukiishia hapo tutapotea, na maisha ya Isike yatuonyesha sababu.

Husemwa kwamba neno mtemi latoka katika kutema, yaani kukata: ndiye akataye shauri, na watu wakanyamaza. Unyanyembe ilikuwa na watemi wake tangu zamani, lakini tangu misafara ya pwani ilipoanza kufika kiti hicho hakikukaa salama. Mtemi Fundikira alifariki mwaka 1858. Mnywa Sele akamfuata, akagombana na Waarabu wa Tabora, nao wakamfukuza mwaka 1860. Kisha Mkasiwa akatawala kwa msaada wao mpaka alipofariki mwaka 1876. Hapo ndipo Isike alipokitwaa kiti. Tangu siku ya kwanza, basi, alijua ya kuwa mtemi aliyewekwa na watu aweza kuondolewa na watu.

Naye alikusudia kutawala kweli, si kwa jina tu. Tabora wakati ule ilikuwa kama njia panda ya nchi zote za bara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika hapa. Kisha mingine ilikwenda Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Buganda. Ilibeba nguo, shanga na bunduki ikipanda, na pembe za ndovu ikishuka. Pamoja na pembe walikwenda watumwa, wanadamu walionyang'anywa kwao, na wengi wao hawakuiona pwani. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, watu wenye sifa ya kwenda mbali na mizigo mizito. Kila msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitoa hongo. Isike alidai hongo yake kwa nguvu, maana kwayo alipata bunduki na baruti, na kwa bunduki alijilinda. Upande wa magharibi alikuwako Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871, na ambaye Unyanyembe ilimwogopa hata alipofariki mwaka 1884.

Mtemi wa Unyamwezi alijulikana kwa alama zake: ngozi ya simba, kiti chake, ngoma zake, na kombe jeupe lililotoka bahari ya mbali na kuletwa na misafara. Ikulu ya Isike ilikuwa boma lenye kuta nene, na ndani yake ghala ya baruti. Wageni walioliona walistaajabu kwa uimara wake. Mwenye shauri alikwenda pale, akangoja, akatoa alichokileta, ndipo akasikilizwa.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Tabora mara ya kwanza mwaka 1878, wakiwa safarini kwenda Ziwa Tanganyika na Buganda. Baadaye walijenga Kipalapala, wakawalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini uhusiano wao na mtemi uliharibika. Siku zile pwani ilikuwa katika vita na Wadachi, na kila Mzungu alishukiwa kuwa mpelelezi wao. Mwaka 1889 mapadre wakaiacha Kipalapala. Aliyetazama siku ile angesema kazi ya Mungu imekwisha hapa. Hata hivyo, mwaka 1925 Kipalapala ikawa mahali pa seminari kuu, na mapadre wengi wa Kiafrika wamesoma pale.

Mwaka 1890 Emin Pasha akaja Tabora akapandisha bendera ya Wadachi, akapatana na Waarabu wa mjini. Isike hakukubali kwamba nchi yake imekuwa ya mwingine kwa sababu ya kitambaa kilichoinuliwa juu ya mti. Mwaka 1892 Wadachi walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja, wakarudishwa nyuma. Ndipo Januari mwaka 1893 akaja Luteni Tom von Prince na askari wake, wakalivunja boma na kuingia ndani. Isike alipoona kwamba kuta hazimlindi tena, hakutaka kushikwa. Akaingia katika ghala ya baruti pamoja na watu wa nyumba yake, akaiwasha. Wadachi wakamweka katika utemi Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi.

Hapa ndipo waalimu wengine wanapokosea. Wapo wanaowaambia watu kwamba Mungu, aliye juu ya watemi wote, alimwondoa Isike kwa mkono wa Wadachi kwa kuwa mtemi aliwachukia mapadre. Fundisho hilo laonekana tamu, nalo ni sumu. Tukilikubali, tutasema nini juu ya yaliyofuata? Tom von Prince mwenyewe aliuawa vitani Tanga mwezi wa Novemba mwaka 1914. Wadachi waliondolewa Tabora na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba mwaka 1916. Baada yao walitawala Waingereza, nao wakaishusha bendera yao mwezi wa Desemba mwaka 1961. Hata utemi wenyewe uliondolewa madarakani kwa sheria mwaka 1963. Je, Mungu alikuwa upande wa kila aliyeshinda mpaka siku aliposhindwa? Huyo si Mwenyezi. Huyo ni mpambe afuataye mwenye nguvu. Tena tutakuwa tumewafundisha wana wa Unyanyembe kwamba mauti ya wanawake na watoto katika moto ule yalikuwa mapenzi ya Baba yetu wa mbinguni. Haifai kabisa.

Maandiko Matakatifu yatufundisha njia nyingine. Nabii Isaya alikiona kiti cha enzi cha Bwana katika mwaka ule ule aliofariki mfalme Uzia, yaani watu walipokuwa wakiulizana nani atawalinda sasa. Hakuambiwa nani atashinda vita. Alionyeshwa utakatifu wa Mungu, na mara hiyo akauona uchafu wa midomo yake mwenyewe na ya taifa lake. Nabii Ezekieli alikiona mbali na Yerusalemu, kati ya mateka kando ya mto wa nchi ya kigeni, na chini yake palikuwa na magurudumu. Maana yake ni kwamba enzi ya Mungu haikubaki nyuma pamoja na kuta za mji. Ilikwenda na waliochukuliwa. Sisi tunaokaa kando ya njia ya misafara yatupasa kulifahamu jambo hilo kuliko wengine. Watumwa waliopita hapa katika minyororo hawakuwa na mtemi wa kuwatetea wala boma la kukimbilia, lakini hapakuwa na hatua hata moja ya njia ile iliyokuwa nje ya milki ya Mungu, naye atadai khabari ya kila mmoja wao.

Tena Mtakatifu Yohana, akiwa kisiwani Patmo chini ya dola ya Roma, alikiona kiti kile mbinguni, na wazee ishirini na wanne wakizishusha taji zao mbele yake. Katika dunia hii taji huanguka kwa kuvunjwa. Mbele ya Mungu hushushwa kwa hiari na furaha. Lakini jambo kuu ni lile aliloliona kati ya kiti: si simba aliyevaa ngozi ya ushindi, bali Mwanakondoo, naye ana alama za kuchinjwa. Hapo twapata jibu la baruti ya Isike. Mtemi alipoona enzi yake inakwisha, aliwachukua wa nyumba yake wafe pamoja naye. Kristo alitoa uhai wake peke yake, ili wa nyumba yake waishi.

Basi, ndugu waalimu, twaweza kulitumia neno mtemi darasani, lakini tusikose kuonyesha tofauti mbili. Ya kwanza ni khabari ya hongo. Mtu wa msafara hakupita bila kulipa. Wakristo wengine wameichukua desturi hiyo mpaka kanisani: watoa sadaka au wasali novena kana kwamba wanalipa hongo ili Mungu awaache wapite salama, na mtoto akifa wasema hongo ilipungua. Tuwaambie wazi kwamba kwa Mungu haipo hongo. Sadaka ni shukrani ya wana, na njia ya kumfikia Baba ilikwisha kufunguliwa kwa damu ya Mwanawe. Ya pili ni khabari ya boma. Enzi ya mtemi ilikuwa na kuta, na nje ya kuta ilikoma. Enzi ya Mungu haina ukuta wala ghala ya baruti, kwa kuwa haina adui awezaye kuifikia.

Kuhusu Isike mwenyewe, tusimfanye mtakatifu, wala tusimfanye mfano wa waliolaaniwa. Alikuwa mtawala mkali wa zamani za ukali. Aliipenda nchi yake, akaipigania, na wazee wetu walilitaja jina lake kwa heshima, nasi hatuoni haya kulitaja. Hukumu yake haiko Kitete wala Berlin. Iko kwake Yeye aliyeketi juu ya kiti ambacho hakuna aliyemweka, wala hakuna atakayemwondoa, naye ahukumu kwa haki na kwa huruma. Huko tumwache, tumwombee, na sisi wenyewe tujiweke tayari kwenda mbele ya kiti hicho, wakubwa kwa wadogo, mikono mitupu.