Rudolf Geigy, mwasisi wa maabara ya Ifakara

HISTORIA ya utafiti wa tiba katika Bonde la Kilombero haikamiliki bila jina la Profesa Rudolf Geigy.

Mtaalamu huyo wa elimu ya wanyama alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1902. Mwaka 1943 aliasisi Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki, na mwaka 1957 akafungua maabara yake Ifakara.

Alijulikana kwa uchunguzi wa papasi, wadudu wajifichao katika sakafu za udongo na kueneza homa ya papasi. Homa hiyo hufanana na malaria. Asiyepimwa damu kwa darubini huweza kutibiwa ugonjwa usio wake.

Geigy alifariki dunia mwaka 1995. Maabara yake ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara.

Tatizo alilolikabili lingalipo. Vipimo vya haraka vya antijeni, vinavyotafuta protini za virusi vya mafua au UVIKO-19 puani, hutoa majibu kwa takriban dakika 15 hadi 30. Kikionyesha maambukizi, mara nyingi husadikika. Kisipoonyesha, mgonjwa hajasalimika, kwani virusi vikiwa vichache hukipita. Kipimo cha PCR huvinasa zaidi, lakini huhitaji maabara.

Kwa mgonjwa wa Chita, chini ya milima ya Udzungwa, kipimo cha haraka ni msaada mkubwa. Hata hivyo, dalili zikiendelea, hana budi kupimwa tena.