Alidina Visram: Tajiri Aliyeanza na Watu



Ndugu msomaji, Ramadhani iliyopita tulitumwa wanafunzi watatu kutoka Mbale kwenda Jinja kumwomba mfanyabiashara mmoja achangie futari. Mimi ni mwenyeji wa Walukuba, nikajigamba kwamba mji naujua. Tukamkabidhi barua, tukaanza kutaja hesabu za mchele na tende. Tulipotoka, mlinzi akatuambia kwamba mzee yule alikuwa amemzika kaka yake siku tatu tu zilizopita. Hata pole hatukumpa.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kusoma maisha ya Alidina Visram, Mwislamu wa jamii ya Ismailia ambaye maduka yake yaliwahi kuenea kutoka pwani hadi Uganda, Jinja ikiwemo.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, Kutch, nchini India. Akiwa na umri wa miaka kama 12 alivuka bahari, akafika Bagamoyo. Huko alifanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Biashara ile haikuwezekana bila kujua watu. Nguo na shanga zilitoka ghalani leo, na pembe au nta zilirudi baada ya miezi mingi. Mwenye mali alilazimika kujua mapema nani anaongoza msafara, safari iliyopita alirudi vipi, na njiani yupo mtawala gani anayedai hongo, yaani ushuru wa kupita. Asiyeuliza alipoteza mali yote.

Baadaye Alidina alianzisha misafara yake mwenyewe. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, yule kijana wa zamani alikuwa tayari mfanyabiashara mkubwa. Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, naye akaifuata kwa maduka, akiwauzia mahitaji wafanyakazi wa reli, hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901. Alifungua maduka Kampala na Jinja, akawa na vyombo vyake Ziwa Victoria, na zao la pamba liliposhika nchini, akaingia pia katika viwanda vya kuchambulia pamba.

Mtu mmoja hawezi kukaa katika maduka yote hayo. Alidina aliweka mawakala, wengi wao vijana waliotoka India bila mtaji kama yeye. Aliwapa bidhaa kwa mkopo, wao wakazipeleka hadi vijijini na kumrudishia ngozi, pilipili na ufuta. Hapakuwa na benki ya kumdhamini kijana wa namna hiyo. Dhamana yake ilikuwa kujulikana: ametoka kijiji gani, amelelewa na nani, deni la kwanza alililipa vipi. Mzee mwenyewe hakuacha kusafiri hata utu uzima ulipomfikia. Alifariki mwaka 1916, baada ya homa iliyompata katika safari ya Kongo.

Mwanawe Abdulrasul alirithi mali na akajenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, iliyofunguliwa mwaka 1923 na ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Lakini Abdulrasul naye alifariki mwaka huohuo, na biashara ile kubwa ikaporomoka. Vita vya kwanza vya dunia vilichangia, lakini mimi naona na sababu nyingine. Maduka hurithiwa, madeni hurithiwa. Kule kuwajua watu mmoja mmoja hakurithiwi, kila kizazi hukianza upya.

Huenda mwenzangu akauliza: kumchunguza mtu kabla ya kukutana naye si ndiyo tajassus, upelelezi tuliokatazwa? Tuirudie Surat al-Hujurat. Sura hiyohiyo moja inatuamuru kuhakikisha habari, inatukataza kupelelezana, na inatueleza kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Mpaka uko katika nia. Anayetafuta aibu ya mtu ili amshike nayo ni mpelelezi. Anayeuliza majirani kama mzee ana mgonjwa au msiba, anapenda kusaidia jambo gani, na asiombwe lipi, huyo anatafuta kumheshimu.

Sisi tungeuliza swali moja tu msikitini siku ile, baada ya adhuhuri, tungeambiwa.

Juma lililofuata tulirudi Jinja wote watatu. Safari hii hatukubeba barua. Tulikaa naye, tukamwombea dua marehemu, tukaaga. Tulipofika mlangoni ndipo yeye alipotuuliza majina yetu, na sisi ni watoto wa nani.

Wabillahi tawfiq.