Arthur Holmes na Umri wa Miamba ya Ukambani

Arthur Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Newcastle, katika familia ya kipato kidogo. Mwaka 1907 alijiunga na chuo cha sayansi jijini London kwa msaada wa ufadhili. Alianza na fizikia, kisha akavutwa na jiolojia. Wakati huo wataalamu walikuwa wakizozana kuhusu umri wa dunia, na Lord Kelvin alikuwa amekadiria kwamba hauzidi miaka milioni 40. Holmes alifuata njia mpya. Urani iliyomo katika madini hugeuka polepole kuwa risasi, tena kwa kasi isiyobadilika. Hivyo, apimaye kiasi cha vitu hivyo viwili aweza kukokotoa umri wa mwamba. Mwaka 1911 alichapisha umri wa mwamba wa Norwe: miaka milioni 370.

Fedha za ufadhili hazikumtosha. Mwaka huo huo alikubali kazi ya kutafuta madini nchini Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Madini ya kuleta faida hayakupatikana, na malaria ilimshika vikali hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao kwa simu ya maandishi. Hata hivyo, alipona, akarejea London akiwa na maarifa ambayo yangemfaa maishani mwake mwote.

Miamba aliyoichunguza Msumbiji ilikuwa metamofiki, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na kanieneo kubwa ardhini bila kuyeyuka kabisa. Miamba ya jamii hiyo ndiyo iliyotanda Kitui na Makueni. Anayetaka kuitambua, awe Kalamba au Mutomo, hutazama kwanza mpangilio wa chembe. Naisi ina milia: mistari myeupe ya kwatzi na felspa hupishana na myeusi ya mika na haniblendi. Shisti imejaa mika, nayo hupasuka katika mabamba membamba yenye kung'aa. Marumaru, ambayo asili yake ni mawe ya chokaa, hukwaruzika kwa kisu na hutoa mapovu ikidondoshewa asidi. Kinyume chake, jiwe jeusi la Uwanda wa Yatta halina milia ya naisi, kwa kuwa ni lava iliyomwagika juu ya miamba hiyo baada ya enzi nyingi kupita.

Hatua ya pili ni kuchunguza madini. Kayanaiti huashiria kanieneo kubwa, ilhali silimanaiti huashiria joto kali. Usomaji wa namna hii ulianzishwa na George Barrow huko Uskoti mwaka 1893, na kuanzia 1915 Pentti Eskola wa Ufini akaupa nadharia pana zaidi.

Hata hivyo, madini hayo hueleza hali iliyougeuza mwamba, hayaelezi wakati ulipogeuzwa. Wengi walidhani kwamba mwamba uliogeuzwa mno ndio wa kale zaidi. Holmes alikuwa na nyenzo za kuipinga dhana hiyo, lakini njia yake ilikuwa na miiba. Alikwenda Burma mwaka 1920 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafia huko. Aliporudi Uingereza alikaa bila kazi ya taaluma hadi 1924, alipopewa idara ya jiolojia mjini Durham. Mwaka 1943 alihamia Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Katika kongamano la kimataifa la jiolojia lililofanyika London mwaka 1948, alitoa makala yaliyochapishwa mwaka 1951. Humo aliilinganisha mielekeo ya milima ya kale ya Afrika, akaonyesha kwamba mkanda mmoja mrefu, unaoelekea kaskazini na kusini, umeikata miamba mikongwe zaidi ya bara. Aliuita Mkanda wa Msumbiji. Ukambani umo ndani ya mkanda huo. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba mageuzi yake makuu yalitokea kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, mabara ya kale yalipogongana. Naisi ya Kitui, pamoja na ukali wote wa mageuzi yake, iligeuzwa zamani za karibu ikilinganishwa na miamba ya kando ya Ziwa Viktoria, ambayo ina zaidi ya miaka milioni 2,500.

Mwaka 1964 Holmes na Eskola walitunukiwa pamoja Tuzo ya Vetlesen. Mmoja alikuwa amefundisha kusoma joto na kanieneo katika madini. Mwingine alikuwa amefundisha kusoma wakati. Holmes alifariki tarehe 20 Septemba 1965. Urithi wake kwa wachunguzi wa miamba ya Ukambani ni kwamba sura ya jiwe hueleza yaliyolipata, bali umri wake hauna budi kupimwa.