BI RUFAIDA (R.A.): HEMA LA MAJERUHI NDANI YA MSIKITI WA MTUME (S.A.W.)



Ndugu msomaji, hapa kwetu Ndhiwa ukiuliza habari za mtu wa dawa wa zamani, utatajiwa Gor Mahia wa Kanyamwa, yule ambaye timu ya mpira imechukua jina lake. Hata watoto wanamjua. Je, unamjua mwanamke aliyetibu majeruhi wa vita katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.)? Madrasa tumehifadhi majina ya walioshika panga, lakini waliofunga vidonda vya hao walioshika panga tumewapita hivi hivi. Kila Ramadhani ifikapo tarehe 17 tunaikumbuka Badr. Basi mwezi huu tukae kidogo na Bi Rufaida (r.a.).

Alikuwa wa kabila la Aslam. Wako waandishi wa sira wanaomwita Kuayba binti Saad, lakini hema wanalolitaja ni hilo hilo na mgonjwa ni huyo huyo. Kazi yake ilikuwa kutibu, tena bila malipo, akitafuta thawabu kwa Allah (s.w.).

Kwanza elewa vita vya wakati ule vilikuwaje. Hakuna dripu, hakuna damu ya kuongezwa, hakuna sindano ya ganzi. Katika Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliumizwa usoni na jino lake likavunjika. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akimimina maji kwa ngao, na Bi Fatma (r.a.) akiosha damu. Alipoona maji yanazidi kuitoa damu, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa majivu, akayabandika kwenye jeraha. Damu ikakatika. Siku hiyo hiyo Bi Aisha na Ummu Sulaym (r.a.) walikuwa wakikimbia na viriba vya maji mgongoni kuwanywesha majeruhi. Ummu Atiyya (r.a.) yeye alitoka vita saba, akipika na kutibu. Kwa hiyo usidhani Bi Rufaida alikuwa peke yake. Alichokuwa nacho yeye ni mahali: hema linalojulikana, ambalo mtu akiumia anapelekwa huko.

Na hema hilo alimwekea nani hasa? Sira inasema alijitolea kumhudumia Muislamu asiye na mtu wa kumuangalia. Hapa nakuomba usimame kidogo. Mwenye jamaa akiumia anapelekwa nyumbani, mama yupo, dada yupo. Mgeni je? Sisi wa Nyanza Kusini jambo hili tunalijua. Mwaka 1914 Wajerumani walivuka mpaka, vita vikapiganwa Kisii, na baadaye babu zetu wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Walibeba risasi na chakula, wakabeba na majeruhi kwenye machela. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara damu na malaria, mbali na kwao, hakuna ndugu wa kuwapa hata maji. Jina la Kariokor pale Nairobi limetokana na kikosi chao. Sasa fikiria thamani ya hema kama la Bi Rufaida kwa mtu wa namna hiyo.

Ukaja mwaka wa 5 Hijria (627), vita vya Khandaq. Maadui wapatao 10,000 waliizingira Madina, Waislamu wako kama 3,000, nyuma ya handaki walilolichimba kwa shauri la Salman al-Farisi (r.a.). Waislamu waliouawa hawakuwa wengi, lakini mshale mmoja ulimpata Saad bin Muadh (r.a.) mkononi ukakata mshipa mkubwa. Saad si mtu mdogo. Ni mkuu wa kabila la Aus, ana watu wake, ana mama yake mzazi mjini, kukosa wa kumuuguza kwake haiwezekani. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la Bi Rufaida pale msikitini, ili awe karibu naye amtembelee.

Yaani mkuu wa kabila alilazwa kwenye hema la wasio na wenyewe! Mimi naona hakuna nishani inayofika hapo. Mtume (s.a.w.) alimchoma jeraha kwa chuma cha moto ili damu isimame, mkono ukavimba, akachomwa tena. Asubuhi na jioni alikuwa akipita kumjulia hali. Saad alitolewa mara moja, akapandishwa punda kwenda kutoa hukumu ya Bani Quraydha, kisha akarudishwa. Baadaye jeraha lilipasuka usiku, damu ikatiririka mpaka kwa watu wa hema la jirani wakashtuka. Akafariki, na umri wake ulikuwa kama miaka 37. Uuguzi ndio huo, wakati mwingine unafanya yote na mgonjwa anaondoka.

Nawageukia wazazi. Binti anapata nafasi ya kusomea uuguzi, nyumbani kunakuwa na minong'ono: atashika wanaume, atafanya kazi usiku. Wasiwasi wa heshima ya binti naufahamu, na stara ni wajibu. Lakini Imam Bukhari katika Sahihi yake aliweka mlango maalumu wa wanawake kutibu majeruhi vitani, na ndani yake kuna habari ya Rubayyi binti Muawwidh (r.a.), aliyekuwa akiwanywesha maji wapiganaji, akiwatibu na kuwarudisha Madina. Hao ndio tunaowasomea watoto wetu kama mfano.

Mwaka wa 7 Hijria (628) ikawa safari ya Khaybar, na mwenye hema alikuwemo. Vita vilipokwisha na ngawira kugawanywa, wanasimulia kuwa alipewa fungu sawa na la mwanamume aliyepigana. Leo chuo kikuu cha Jamia Hamdard, New Delhi, kina chuo cha uuguzi kinachoitwa Rufaida, na Bahrain kuna tuzo yenye jina lake wanayopewa wanafunzi wa uuguzi.

Wabillahi tawfiq.