Bwana Diesel na Mafuta ya Njugu

Sisi tunaokuja shuleni kwa miguu tunalijua vizuri lile wingu jeusi la lori likipanda mlima. Lakini ni wangapi wanaojua kuwa dizeli ni jina la mtu?

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya 1870 vilipozuka familia ilikimbilia London, naye akiwa na miaka 12 akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa na kusoma. Baadaye huko Munich mwalimu wake, Carl von Linde, alifundisha kwamba injini ya mvuke hupoteza joto karibu lote. Ni kama kuwasha jiko halafu sufuria ukaiacha chini! Jambo hilo halikumtoka kichwani.

Injini aliyobuni haina plagi. Hubana hewa mpaka inakuwa moto kabisa, na mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Shika pampu ya baiskeli ukijaza upepo, utaelewa. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1893, na katika jaribio la kwanza chombo cha kupimia kikapasuka. Hakukata tamaa. Kufikia 1897 injini yake ilikuwa ikigeuza asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Sasa sikizeni. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900, injini moja ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga! Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka hivyo, maana njugu zilimea kwa wingi katika makoloni yake Afrika. Ilinguruma vizuri hata ni watu wachache tu waliotambua. (Faida ingekuwa ya mkulima wa njugu ama ya mkoloni? Mimi nina jibu langu.) Diesel mwenyewe aliyajaribu mafuta hayo baadaye akayasifu.

Basi mbona malori yetu hayanuki karanga? Mafuta ya ardhini yalikuwa bei rahisi, na ya mimea ni mazito, huziba injini. Mwaka wa 1937 Mbelgiji aitwaye Chavanne alionyesha dawa yake: mawese ya Kongo yakichanganywa na alkoholi, gliserini hujitenga na mafuta huwa mepesi. Mwaka wa 1938 basi la abiria liliyatumia kati ya Brussels na Louvain. Siku hizi huitwa biodizeli, na mara nyingi sehemu 20 huchanganywa na 80 za dizeli ya kawaida. Masizi hupungua, ingawa gesi za nitrojeni zaweza kuzidi kidogo.

Diesel hakuyaona hayo. Usiku wa 29 Septemba 1913 alikuwa melini kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Wengine husema aliuawa; mimi naona ni madeni yaliyomlemea, kwani alidaiwa pesa nyingi mno. Siku kadhaa baadaye mabaharia waliikuta maiti, wakatoa vitu vidogo mfukoni, wakairudisha baharini. Mwanawe alipoonyeshwa vile vitu, akavitambua.